Sahani ya Asiyealikwa

Mara ya tatu Placide aliisimulia habari ile ile, na mara ya tatu pia haikuwa na nyama ndani yake.

Mselem alikuwa amekaa mbele yake katika chumba kidogo cha kituo cha polisi, daftari gotini. Hakuandika kitu. Zamani, alipokuwa askari kanzu kule Tanga, alizoea kusikiliza kwa awamu: kwanza maneno, kisha mtu mwenyewe, mwisho kile ambacho kingetakiwa kuwepo na hakipo. Na hapa kilichokosekana kilikuwa wazi. Mkesha wa Krismasi, Johannesburg, nyumba ya wazungu, meza imejaa mpaka pembeni, na hakuna hata mfupa.

"Hata kuku?" aliuliza.

"Hata kuku, papa Mselem. Samaki tu. Samaki wa moto, samaki wa baridi, supu ya bitiruti nyekundu kabisa, na ndani ya supu tumandazi tudogo kama masikio."

Sajenti aliyekuwa amesimama mlangoni hakujua Kiswahili, lakini neno moja alilitambua kwa mikono ya Placide iliyokuwa ikichora mkia hewani. "Eish," alisema kwa Kiingereza. "Ameshafika kwenye samaki?"

"Ameshafika," alijibu Mselem.

"Subiri basi afike kwenye nyasi. Hapo ndipo ninapopapenda."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Placide, fundi cherehani wa Bellevue, mzaliwa wa Uvira, alikwenda Kensington jioni ya tarehe ishirini na nne Desemba 2018 kumpelekea mteja gauni la sikukuu. Alilikabidhi saa kumi na mbili unusu, mteja akaenda zake kanisani, na saa mbili na dakika tano king'ora cha nyumba ile kikalia. Dirisha la nyuma limevunjwa, vitu vimebebwa. Jirani aliona mtu mweusi akiruka ukuta na mfuko mweusi. Placide alikuwa mtu mweusi, na gauni lilikuwa limefungwa ndani ya mfuko mweusi. Walimkamata tarehe tatu Januari. Ijumaa hii, zikiwa zimebaki siku mbili tu, angesimama mbele ya hakimu kuomba dhamana. Na mkimbizi asiye na shahidi, mwenye karatasi inayokwisha mwezi ujao, hupati hakimu wa kumwachia kirahisi. Angekaa rumande miezi, pengine mwaka, akingoja kesi. Na utetezi wake wote ulikuwa supu ya bitiruti.

"Haya, twende kwenye nyasi," alisema Mselem.

Placide alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye vidole ambavyo hata bila sindano vilikuwa vinabana kitambaa. "Mvua ya mawe ilinikuta njiani nikirudi. Robot zote za kuongoza magari zimezimika, taa za barabara zimezimika. Nikapotea. Nikaona geti ya chuma iko na paa kidogo ya vigae juu yake. Nikasimama pale. Mzungu mmoja akatoka na tochi, anakasirika. Nikasema, samahani sir, ni mvua tu. Nyuma yake akatoka mama muzee. Banasemezana kwa luga yao, si Kiingereza. Halafu mama ananishika mukono, ananiingiza. Kuko meza. Kuko viti vinne, bo ni batatu. Kiti cha ine hakina mutu, lakini sahani iko, kijiko iko, glasi iko. Kama vile balijua niko nakuja."

"Na nyasi?"

"Chini ya kitambaa ya meza. Nyasi kavu. Niliisikia na mukono. Hatukula mbio mbio, walikuwa wanangojea nyota, na mawingu bado. Ule mzungu wa tochi alienda inje mara ine. Nyota ilipotoka ndio tukavunja mukate mweupe, mwepesi kama karatasi, uko na picha ya Bikira Maria. Kila mutu anavunja kwa mwenzake, anamuombea mema. Mama akavunja wangu."

"Mtaa gani?"

"Sijui, papa."

"Majina yao?"

"Sikushika. Lakini toka kwenye kiti mupaka getini ni hatua kumi na tisa. Saba mupaka mulango wa baraza, kumi na mbili mupaka geti."

Mselem aliinua macho. Sajenti naye, aliyetafsiriwa hilo siku chache zilizopita, alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Umesikia? Jina la mtu hajui, mtaa hajui, lakini hatua amezihesabu. Nani anahesabu hatua ndani ya nyumba ya watu? Mwizi."

Lilikuwa swali zuri. Alifunga daftari. "Ahsante, Placide. Ahsante, sajenti."

"Ahsante ya nini? Sijakusaidia."

"Umenipa chumba na kiti."

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya Mselem, na waliomjua Marshalltown, alikokuwa na kiofisi cha upelelezi juu ya duka la mabegi, walimcheka kwayo. Alimshukuru kila mtu, hata aliyemfungia mlango, na mara nyingi alirudi kwa mguu kushukuru tena. Wengine walidhani ni adabu ya pwani. Ilikuwa adabu kweli, lakini ilikuwa pia kazi. Mtu akiulizwa hujibu alichoulizwa. Akirudiwa kushukuriwa hukumbuka na kile ambacho hakuulizwa. Nusu ya kesi zake zilikuwa zimefunguka namna hiyo.

Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa Léocadie, mke wa Placide, msusi, na mafuta ya nywele bado kwenye vidole. Yeye na wakili Denise ndio waliomwita Mselem.

"Amesema nini?"

"Yale yale."

Léocadie alitazama chini. "Papa Mselem, miye niko muke yake. Hakuiba, hilo naapa. Lakini hii habari ya sahani inayomungojea... Krismasi ya bazungu bila nyama? Ni mwanamuke. Alikuwa kwa mwanamuke, anaona haya kunambia."

"Dada, mwanamume anayeficha mwanamke husema alikuwa kwa rafiki yake. Hasemi alikalishwa mezani na bibi wa kizungu."

"Basi kwa nini hakuna nyama?"

"Ndicho kinachonifanya nimwamini. Kama angekuwa anatunga, angetia chumvi mahali panapotiwa chumvi. Angeweka mbuzi mzima. Mtu anayetaka uongo wake ukubalike haweki nyasi kwenye meza." Alikaa pembeni yake. "Wewe ni Mkatoliki. Huo mkate wa picha ni wa kwenu?"

"Wa kwetu unatolewa na padri, kanisani. Haigawanywi jikoni na mama." Alifikiri. "Lakini samaki... Kuna Mreno mmoja mwokaji wa mikate, nasuka binti yake, anakaa Bez Valley. Anasema kwao usiku wa Krismasi banakula samaki wa chumvi."

Bez Valley iko kati ya Kensington na mlima wa Observatory, na Bellevue iko ng'ambo ya mlima huo. Mtu anayetembea kutoka Kensington kurudi Bellevue lazima aikatize. Mselem alimshukuru Léocadie, akamwambia asiache kazi zake, akaondoka.

Mwokaji mikate wa Kireno aliitwa Abílio, na duka lake lilikuwa kwenye kona, chini ya kilima. Alikuwa mzee mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, akasikiliza habari yote huku akipanga mikate kwenye rafu.

"Samaki ni wetu," alisema kwa Kiingereza chake kizito. "Samaki, viazi, kabichi. Bitiruti hapana. Nyasi chini ya kitambaa, hapana. Mimi si punda. Kiti cha mtu asiyekuja, hapana. Nyumbani kwangu viti havitoshi hata wanaokuja. Si Wareno hao, rafiki yangu."

Mselem aliuliza kama anamjua mtu mwingine yeyote mwenye desturi hiyo. Hapana. Geti lenye paa la vigae? Yako mengi. Basi.

Njia ilikuwa imekatika. Mselem alitoka akasimama kwenye jua la saa saba, akala ndizi yake, akaanza kupanda kilima mtaa kwa mtaa akitazama mageti. Kweli yalikuwa mengi. Mitaa mitatu, mageti kumi na manne yenye paa. Kwenye tisa hakuna aliyejibu kengele. Kwenye matano walijibu kwamba hawataki kununua kitu. Aliwashukuru wote. Saa tisa miguu ilikuwa inamuuma na jasho limelowesha mgongo, akakumbuka kwamba hakumshukuru Abílio sawasawa, maana alitoka akiwa amevunjika moyo. Akateremka tena.

"Umerudi," alisema Abílio.

"Nimerudi kusema ahsante. Umenipa muda wako na sikununua hata mkate."

Mzee alifuta mikono kwenye aproni, akamtazama kidogo. Pengine siku ile hakuna mteja aliyemwambia neno hilo. Alimfungia mkate mmoja wa moto, akakataa kulipwa, kisha akabaki ameshika karatasi.

"Kuna bibi mmoja," alisema. "Hukuniuliza nani ananunua nini. Kila Desemba ananiagizia mbegu za mpopi, zile nyeusi ndogo kama baruti. Kilo mbili. Hakuna Mreno anayekula kilo mbili za mpopi. Ni wa Poland. Jina lake Halina, Dona Halina kwetu Wareno. Anakuja kwa miguu na kikapu cha magurudumu, na kila akiondoka analalamika kwamba kwenda nyumbani ni kupanda."

"Anakaa wapi?"

"Juu huko. Sijui mtaa. Lakini tazama." Alimtoa nje akamwonyesha juu ya mlango wa duka. Pale, kwa chaki nyeupe, palikuwa pameandikwa: 20 K+M+B 19. Mselem alikuwa amepita chini yake mara nne akidhani ni alama ya watu wa umeme. "Kila Januari, sikukuu ya wale wafalme watatu, anachukua chaki iliyobarikiwa kanisani anaandika mlango wake, herufi za majina yao na mwaka. Jumatatu alinipandia kwenye kiti akaniandikia na wangu. Bibi wa miaka themanini na mbili. Tafuta hiyo."

"Ahsante sana, mzee wangu," alisema Mselem, safari hii kwa Kiswahili bila kujua, na akapanda tena kilima na mkate kwapani.

Alilipata mtaa wa nne, karibu na juu. Geti la chuma la kijani, paa la vigae, vigae viwili vimepasuliwa na mvua ya mawe. Ndani, juu ya mlango wa baraza, chaki nyeupe. Mselem alisimama akajituliza moyo kabla ya kubonyeza kengele. Kumwona mtu unayemtafuta ni jambo moja. Kumfanya mtu huyo akubali kuonekana ni jambo jingine.

Aliyetoka alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shati limechomekwa vizuri. Hakufungua geti. Alisema anaitwa Witold na kwamba hawahitaji mtunza bustani.

Mselem alijieleza kwa Kiingereza: fundi cherehani, mvua ya mawe, sahani ya nne, Ijumaa mahakamani. Alipokuwa akieleza alitazama macho ya mtu yule, na macho yalimjibu yote kabla mdomo haujasema kitu. Yaliruka mara moja kwenye kile kipaa cha vigae.

"Hakuna mtu aliyekuja hapa," alisema Witold.

"Hakuna kabisa?"

"Ilikuwa familia tu. Watu watatu. Mimi, mke wangu, mama yangu." Alishusha sauti. "Sikiliza, bwana. Mimi nimezaliwa mji huu na bado wananiuliza natoka wapi. Sisi hatujihusishi na polisi, hatujihusishi na mahakama. Kila mtu na mambo yake. Umenielewa?"

Mselem alielewa kuliko alivyotaka. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi Johannesburg miaka kumi na tatu kwa kanuni hiyo hiyo, isipokuwa siku tatu za Mei 2008, mitaa ilipokuwa inachomwa, ambapo mama mmoja wa Kizulu wa Jeppestown, ambaye hakuwa anamjua, alimfungia chumbani kwake na kuwaambia vijana waliokuja kusaka wageni kwamba mle ndani kuna mgonjwa wa kifua kikuu. Kila mwaka Mselem alimpelekea mama yule kitenge. Kama naye angefuata kanuni, leo asingekuwepo mtu wa kubonyeza kengele hii.

Lakini mtu aliyesema hapana huwezi kumlazimisha kupitia nondo za geti. Mselem aliinamisha kichwa, na kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa kukata tamaa humrudisha mtu kwenye lugha ya kwao, alisema kwa sauti ya kawaida: "Haya. Ahsante, bwana."

Aligeuka. Alikuwa ameshapiga hatua tatu.

"Nani sema ahsante?"

Sauti ilitoka barazani. Ilikuwa sauti kavu ya mwanamke mzee, na ilisema kwa Kiswahili.

Mselem alirudi getini. Barazani alisimama bibi mfupi mwenye aproni, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umeshika kisu cha kumenyea viazi. Witold alimgeukia akasema kitu kwa Kipolandi, haraka haraka. Bibi alimpuuza.

"Wewe toka wapi?"

"Tanga, mama. Tanzania."

"Tanga." Aliliweka neno mdomoni kama kitu anachokijua ladha. "Mimi ilikuwa Tengeru. Karibu ya Arusha. Miaka kumi. Fungua geti, Witek," akamwambia Witold kwa jina lake la utotoni.

Jikoni aliwekewa kiti, chai ya limau na kipande cha keki nyeusi kwa mbegu, na Mselem akaona mwenyewe kilo mbili za mpopi zinakwenda wapi. Bibi Halina alizungumza Kiswahili kilichokaa kabatini miaka sitini na sita, na kila kilipomkwama alichukua Kiingereza akaendelea. Walikuwa wametolewa Poland wakapelekwa Siberia wakati wa vita, na kutoka Siberia, wale waliobaki hai, wakateremshwa kupitia Uajemi mpaka Tanganyika, wanawake na watoto maelfu. Yeye alikuwa na miaka sita.

"Hapana viatu. Hapana nywele, kata yote, chawa. Iko mama moja anauza ndizi karibu ya kambi. Sisi sema yeye Mama Ndizi. Mimi simama tu, tazama ndizi. Kila siku anapa mimi moja. Anasema, sema 'ahsante'. Mimi sema. Ile neno ya kwanza yangu ya Afrika." Alisogeza kikombe cha Mselem karibu zaidi. "Hapana mtu alialika sisi, bwana. Hapana. Sisi tulikuja tu, na sahani ilikuwa."

Mselem alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza taratibu. "Mama, mkesha wa Krismasi. Alikuja mtu?"

"Kijana ya mvua," alijibu palepale. "Alikaa kile kiti. Sisi Wapoland kila mwaka weka sahani moja zaidi, ya mtu hapana alikwa. Mama yangu aliweka Tengeru, kwa nyumba ya udongo. Mimi weka Johannesburg mara sitini na sita. Hapana mtu alikuja. Sitini na sita, bwana, na mimi osha ile sahani safi tena weka kabati. Mwaka huu geti ikawa na mtu." Alitabasamu. "Alikuwa na baridi. Alikula supu mara mbili. Mimi shukuru Mungu kabisa."

Mselem naye alishukuru, kimya kimya. "Kijana huyo yumo ndani. Wanasema saa ile alikuwa anavunja nyumba Kensington."

Kisu cha viazi kiliwekwa mezani. Bibi alimtazama mwanawe, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni na mikono mifukoni. Alimuuliza kitu kwa Kipolandi, maneno mawili matatu. Witold alijibu. Akamuuliza tena, na safari hii hakujibu.

"Alisema hakuna mtu?" bibi alimuuliza Mselem.

"Alikuwa anakulinda, mama."

"Sikuwa namlinda yeye," alisema Witold kwa Kiingereza. Alivuta kiti akakaa, na kukaa kwenyewe kulimchukua muda. "Nilipiga picha usiku ule. Mama akiumega mkate na yule bwana. Niliona ni picha nzuri, nikaiweka mtandaoni. Asubuhi binamu zangu wa kule Poland walikuwa wameandika. Sitayarudia. Kwamba wao kule wanafunga milango ili watu wa namna hiyo wasiingie, na sisi tunawalisha kwa vijiko vya bibi. Wengine wa klabu yetu hapa mjini wakasema mama amezeeka, nimfungie geti. Nikaifuta. Nikasema jambo limekwisha, halikutokea." Alimtazama mama yake. "Niliona haya, mama. Sijui hata nilimwonea haya nani."

Bibi aliinuka. Alimshika mwanawe sikio kidogo, kama mtu anavyomshika mtoto, akaliachia.

"Uliifuta mtandaoni," alisema Mselem. "Kwenye simu je?"

Witold alitoa simu mfukoni. Hakuwa ameifuta. Zilikuwa picha tatu, na chini ya kila moja saa yake: saa moja na dakika hamsini na sita, bibi na Placide wanaumega mkate mweupe; saa mbili na dakika kumi na moja, Placide na kijiko, supu nyekundu mbele yake; saa mbili na dakika thelathini na saba, meza nzima, watu watatu wakicheka na kiti cha mpiga picha kiko wazi. King'ora cha Kensington kililia saa mbili na dakika tano. Kutoka pale mpaka hapa ni dakika arobaini kwa miguu kwenye barabara kavu.

"Nyota ilichelewa kwa mawingu," alisema Witold. "Kwa kawaida saa moja na nusu tumeshakaa. Mama hakubali mtu ale kabla ya nyota."

"Ahsante kwa mawingu," alisema Mselem. Akaomba ruhusa, akaenda kusimama kwenye kile kiti cha nne, akatembea. Saba mpaka mlango wa baraza, kumi na mbili mpaka getini. Kumi na tisa. Aliziandika.

Alipokuwa anaaga, bibi alimsindikiza mpaka chini ya vigae vilivyopasuka. Alisema Ijumaa atakuja mwenyewe mahakamani na kwamba Witek ataendesha gari. Kisha akamshika mkono wa shati. "Bwana, iko kitu moja mbaya. Mimi sema kwa nani? Nitasema kwa ile kijana."

Alhamisi sajenti alipanda kilima mwenyewe, akaandika maelezo ya bibi, akatazama simu, akapima hatua, akapewa keki. Ijumaa saa nne asubuhi mwendesha mashtaka alizungumza na wakili Denise kwa dakika kumi kwenye korido, akaingia ndani, akamwambia hakimu kwamba shitaka dhidi ya Placide linaondolewa. Ilikwisha upesi kuliko foleni ya kuingilia mlangoni. Sajenti alimsogelea Mselem akanong'ona kwamba sasa itabidi amtafute mwenye mfuko mweusi wa kweli, na kama Mselem ana la kumwambia asimfiche. "Na ahsante," aliongeza, akaonekana kama mtu aliyejaribu kiatu kipya.

Placide alitoka bila mkanda na bila kamba za viatu. Léocadie alimshika mkono, lakini hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anamtazama yule bibi wa kizungu aliyekuwa anawajia na koti lake la kanisani, mwanawe nyuma yake.

Placide aliushika mkono wa bibi kwa mikono yake miwili. "Thank you, mama. Thank you. God bless you."

"Mimi najua 'ahsante'," alisema bibi.

Placide alifungua mdomo, akaufunga. Alimtazama Mselem, Mselem akaitikia kwa kichwa. "Mama," alisema Placide polepole, "miye usiku wote nilisema Kiingereza mupaka kichwa kikauma."

"Na mimi. Hapana mtu aliuliza." Bibi hakucheka. "Kijana, nisamehe. Ile usiku wewe ondoka, mimi hesabu vijiko. Vyote ilikuwa. Halafu mimi kaa jikoni na haya. Mama Ndizi hapana hesabu ndizi."

Placide aliinamisha kichwa. Alipokiinua macho yalikuwa na maji, naye alikuwa anatabasamu.

"Mama, na miye nilihesabu."

"Vijiko?"

"Hatua. Toka kwenye kiti mupaka geti. Niliwaza, hawa bazungu wamenipa kiti na hawanijue, kwa nini? Nikasema, bakinigeukia, ni hatua saba mupaka baraza, kumi na mbili mupaka geti. Nilikula supu yako nikihesabu." Alifuta uso. "Mara ya pili ya supu ndio niliacha."

Basi hilo ndilo lilikuwa jibu la swali la sajenti. Mselem hakuliandika. Alimtazama Witold, na Witold alikuwa anaangalia dirishani.

"Desemba utakuja," bibi alisema. Haikuwa swali. "Na mke. Mimi weka sahani mbili, na moja zaidi."

Hapo Léocadie akasema neno lake la kwanza tangu mahakama ifunguliwe. Alimuuliza bibi pole pole, kwa Kiswahili, kama mtu anayekagua mshono wa mwisho:

"Mama, samahani. Na nyama?"

"Hapana nyama."

"Hata kuku?"

"Hapana kuku. Samaki tu."

Léocadie alimgeukia mumewe. Aliweka uso wake kwenye bega lake, pale mbele ya watu wote, akalia.